Ndege Iliyosukwa kwa Rasta

"Kaka, unamsuka nani?" aliniuliza dada wa duka la nywele pale Kariakoo, huku akiniwekea pakiti ya rasta nyeusi juu ya kaunta. Nikamjibu ukweli: nasuka ndege. Alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikie. Tangu siku hiyo nikipita pale naitwa Rubani.

Sikuwa natania. Waya uliokaza mabawa ya ndege za mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ulikuwa na unene wa kama milimita 5. Ugawe kwa 72, kwa maana ninajenga ndege ndogo za plastiki, mifano ya zile za kweli, kwa skeli ya 1:72, unabaki na milimita 0.07. Hapo uzi wa cherehani, hata ule mwembamba kabisa, unaonekana kama kamba ya kufungia ng'ombe. Unywele mmoja wa rasta uliochomolewa peke yake kwenye fungu unakaa sawasawa. Ni mweusi, haunyonyi maji, hauna vinyuzinyuzi vya kunasa vumbi, na pakiti moja itanitosha mpaka nizeeke.

Ndege yenyewe ni B.E.2c, ndege ya mabawa ya ghorofa, bawa juu ya bawa, iliyobuniwa kwenye kiwanda cha serikali ya Uingereza kule Farnborough. Upana wa mabawa yake ulikuwa mita 11 na ushei. Yangu ina sentimita 15 na nusu hivi, inatua kwenye kiganja. Walioibuni walitaka ndege tulivu, ambayo rubani angeweza kuachia usukani na kuandika alichokiona chini, na walifanikiwa kupita kiasi. Ilitulia mno hata kukwepa haikuweza, na huko Ufaransa marubani wa Kijerumani waliitungua kama njiwa. Tena mpelelezi, yule mwenzake rubani wa kutazama ardhi, alikaa kiti cha mbele, katikati ya nguzo na nyaya, hivyo hata akipewa bunduki hakuwa na upande wa kuielekeza bila kujipiga bawa mwenyewe. Sijui ndege nyingine ambayo nyaya zake zinaeleza tabia yake vizuri kuliko hii. Ndiyo maana ninapoona mtu amemaliza B.E.2c bila kuweka waya hata mmoja huwa nashindwa kunyamaza. Hiyo ni sawa na kujenga jahazi bila tanga.

Mimi siijengi ile ya Ufaransa. Yangu ni ya Skwadroni ya 26, kikosi cha Waafrika Kusini kilichoshuka Mombasa mwisho wa Januari 1916 na kupelekwa Mbuyuni, kati ya Voi na Taveta, ambako reli ya kijeshi ilikuwa ikisogezwa kuelekea Kilimanjaro. Huku hapakuwa na ndege ya Kijerumani ya kuwawinda. Kilichowamaliza ni joto, mvua, malaria, na hewa nyepesi ya mchana ambayo injini ya nguvu-farasi 90 iliona taabu kuikwea.

Basi nije kwenye kazi, na kwenye ugomvi wangu.

Ndege ya mabawa ya ghorofa hujengwa kinyumenyume. Gari la plastiki unaliunganisha kwanza ndipo unapaka rangi. Hapa unapaka kwanza, unabandika stika za maji, unapiga vanishi, unatoboa vitundu vya nyaya vyote kwa sindano ya milimita 0.3, ndipo unathubutu kufunga bawa la juu. Siku ya bawa la juu ni kama siku ya kumwaga zege: ukianza hurudi nyuma, na simu unaizima. Mimi huegemeza mabawa kwenye maboksi ya kiberiti niliyoyagundisha kwa pembe mraba juu ya kipande cha kioo. Nguzo nane zinasimama kati ya mabawa, nne kila upande, na nyingine fupi juu ya mwili wa ndege. Zote zinataka kuanguka kwa wakati mmoja. Siri niliyoipata baada ya kuharibu ndege mbili ni kugundisha nguzo nne za pembeni tu, kwenda kulala, kisha kesho yake kuingiza zilizobaki.

Halafu ndiyo kusuka. Unakata unywele mrefu kidogo kuliko nafasi, unaugusisha tone la gundi kwa ncha ya pini, unaingiza upande mmoja, unasubiri, unavuta, unaingiza upande wa pili. Nyaya za B.E.2c zinazobeba bawa likiwa hewani zilikuwa mbilimbili, kwa hiyo kila mstari unaouona kwenye mchoro ni kazi mara mbili. Nilipofika waya wa hamsini nikaacha kuhesabu. Usiokaza vizuri unaukaza kwa udi: washa kijiti, zima mwali, kibaki kaa tu, kisha kipitishe karibu na unywele uliolegea. Unajivuta wenyewe ukanyooka. Ukikisogeza nusu milimita zaidi umeukata, na nimekata si mara moja. Mke wangu akinusa harufu ile huchungulia sebuleni kuona ni mgeni gani kaja.

Sasa ugomvi. Katika hii kazi yetu watu wamekubaliana kimyakimya kwamba undani ni wingi. Bawa likiwa na mbavu, basi kila ubavu uonekane kutoka mlangoni. Kitani kikiwa kimefunika mbavu, basi kibonyee katikati kama shuka lililoanikwa kwenye kamba. Angalia vipande vinavyotoka viwandani, vingi vimechongwa hivyo, kisha mjenzi anaongeza kivuli cheusi kando ya kila ubavu ili asiyeona aone. Lakini kitani cha ndege kilishonwa kwenye mbavu, kikapakwa dawa iliyokifanya kisinyae, kikawambwa kama ngoma. Ungekigonga kwa kidole kingelia. Ni kweli unyevu ulikilegeza na jua likakila, na Mbuyuni jua halikuwa na huruma, lakini hata kitani kilicholegea, ukikitazama kwa umbali ambao ndege ya mita 11 inatoshea machoni kama sentimita 15, hakina mabonde. Nilitumia saa nne na msasa laini kuyafuta mabonde ya kiwandani. Waliokuja nyumbani hakuna aliyeniambia kitu kuhusu mbavu. Nimelichukulia hilo kama sifa.

Na mafuta je? Nimeona B.E.2c zimepakwa michirizi ya mafuta tumboni kuanzia pua hadi mkia, kwa sababu mjenzi amesoma mahali kwamba ndege za vita ile zilikuwa chafu kwa mafuta ya nyonyo. Ndiyo, mafuta yaleyale tunayopaka nywele. Lakini hayo ni ya injini ambazo mitungi yake yote ilizunguka pamoja na pangaboi, zikatema mafuta usoni kwa rubani. Injini ya B.E.2c haizunguki. Ina mitungi minane iliyopangwa kama herufi V, na moshi wake unatoka kwa mabomba mawili yaliyosimama wima kupita juu ya bawa la juu. Masizi yakae huko, juu ya bawa, nyuma ya midomo ya mabomba. Anayeyapaka tumboni amenakili uchafu wa ndege ya mtu mwingine.

Nami nina dhambi zangu. Nilikaa jioni mbili nikichora saa na vipimo vilivyo mbele ya rubani, kila kimoja kikubwa kama kichwa cha pini, na sasa havionekani bila tochi. Ningeulizwa leo ningesema ilikuwa ujinga. Pengine nitafanya tena.

Kosa lililonifunza zaidi ni la udongo. Mwaka juzi nilisafiri kutoka Moshi kwenda Mombasa kupitia Holili na Taveta. Tulipokuwa tunapita Mbuyuni nikamwomba dereva asimame, nikajaza udongo mwekundu kwenye chupa ya maji. Abiria wenzangu walinitazama kwa jicho la kuuliza huyu ni mganga wa wapi. Nilikuwa na furaha isiyo kifani. Ndege ya Mbuyuni itasimama juu ya udongo wa Mbuyuni, nani atanipinga?

Nilipoumwaga kwenye ubao wa kusimamishia ndege ulinipinga udongo wenyewe. Chembe ya mchanga ya nusu milimita kwa skeli yangu ni jiwe la milimita 36. Uwanja wangu ukageuka kuwa rundo la kokoto, na ndege ikaonekana kama kichezeo kilichosahauliwa kwenye eneo la ujenzi. Nikautwanga kwenye kinu, nikauchekecha kwa kitambaa. Ukawa laini, lakini ukasinyaa na kuwa na rangi ya ini. Mwishowe nimetumia chaki ya shuleni iliyokwanguliwa kwa wembe, nikaichanganya na unga mwekundu wa kutia rangi sakafu za saruji. Huo ndio unaoonekana kama Mbuyuni. Chupa ya udongo wa kweli iko kabatini, na siku nyingine nadhani inanicheka.

Vumbi lenyewe nimelipaka mahali pachache: magurudumu, chini ya mabawa ya chini nyuma ya magurudumu, kile kigongo cha mkiani kinachoburuza ardhini, na pale rubani alipokanyaga akipanda. Kwingine kitani nimekiacha na rangi yake, manjano hafifu kama maziwa yaliyochemshwa sana, kwa kuwa mwanzoni mwa 1916 nyingi za ndege hizi zilikuwa bado zinapakwa dawa na vanishi tu, bila ile rangi ya kahawia-kijani iliyokuja baadaye.

Nikafika kwenye ubao wa chini, na hapa ndipo mimi na rafiki zangu wawili wa kazi hii tulipotofautiana vibaya. Ukinunua watu wa skeli 1:72 wa vita ile utapata marubani wenye makoti ya ngozi, maofisa wenye bakora, pengine na mbwa. Mpagazi sijawahi kumpata. Sasa uwanja wa Mbuyuni ulifyekwa na nani? Petroli, makasha ya pangaboi, magurudumu ya akiba, pale reli ilipoishia vilibebwa na nani? Watu waliandikishwa kwa malaki kubeba mizigo ya vita ile, wengi kwa nguvu, na waliokufa ni makumi ya maelfu, kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Na mimi ninayeuliza haya, nyaya za ndege yangu nimezinunua Kariakoo, mtaa unaoitwa hivyo kwa sababu kambi ya Carrier Corps, jeshi la wapagazi la Waingereza, ilikuwa pale baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916.

Rafiki yangu mmoja anasema watu wengi ubaoni wanaiibia ndege macho. Hoja yake si ya kipuuzi. Nimeona mbao zilizosongamana kama stendi ya mabasi, ndege imefichwa na mapipa na malori. Lakini mtu anayechora saa ishirini zisizoonekana ndani ya ndege, kisha akasema hana nafasi ya mtu mmoja anayeonekana nje yake, nafasi anayo. Kaigawa anavyotaka.

Nimeweka watu wanne. Nimewafinyanga kwa ile gundi ya kukanda ya mafundi bomba, juu ya mifupa ya waya mwembamba wa shaba niliouchomoa kwenye chaja iliyokufa. Kila mmoja ana sentimita 2.4. Wawili wanashikilia ncha za mabawa ya chini, kama ilivyofanywa ndege ilipogeuzwa au upepo ulipovuma. Mmoja ana debe kichwani. Wa nne amekaa kwenye kivuli cha bawa, magoti juu, hafanyi kitu. Huyo ndiye aliyenichukua muda mrefu kuliko nguzo zote nane, maana mtu aliyechoka si rahisi kumfinyanga, akitoka vibaya kidogo anaonekana amelewa. Rubani nimemwacha ndani ya boksi. Kiti chake kitupu kinatosha kusema kwamba bado ni alfajiri, injini haijawashwa, na joto halijaanza.

Juzi nilimtumia dada wa duka la nywele picha. Aliikuza, akaipunguza, akanipigia kabisa kuuliza rasta yake iko wapi, mbona haioni. Nikamwelekeza: kati ya bawa na bawa, tazama dhidi ya mwanga. Akanyamaza kidogo. "Haya, nimeziona," akasema, "lakini Rubani, huyo aliyebeba debe mguu wake wa kulia mkubwa."

Nimeutazama kwa kioo cha kukuzia. Ni kweli. Jumamosi nitaukata.