Oldsmobile haikufa kwa uzee

Gari langu la kwanza hapa Lansing, Michigan, lilikuwa yatima. Oldsmobile Alero, mkono wa pili au wa tatu, sikuuliza sana, maana bei ilikuwa ya chee na nilikuwa nimechoka kusubiri basi kwenye baridi. Breki pedi zilipoisha nikaenda duka la spea na wasiwasi wa mtu aliyenunua kitu kisicho na kwao. General Motors (GM), kampuni mama, imeshaifuta chapa, spea nitazitoa wapi? Kijana wa kaunta hata hakuinua macho. Akagonga kompyuta, akaingia ndani, akarudi na boksi. Akaniambia hizi ni za Pontiac Grand Am, na Chevrolet Malibu nayo inazivaa, zote magari ya GM. "Ni zilezile," akasema, "mtu yeyote atakuuzia."

Nilifurahi, nani asingefurahi? Nikazifunga mwenyewe uani jioni ile, mikono myeusi, na gari likaendelea kunitumikia vizuri tu. Lakini tangu siku ile sijaweza kuiamini hadithi wanayopenda kuisimulia watu, kwamba Oldsmobile ilikufa kwa sababu wateja wake walizeeka.

Katikati ya mji huu kuna makumbusho yenye jina la Ransom Eli Olds, aliyeanzisha kampuni yake hapa mwaka 1897. Mtu anayependa magari akipita Lansing asiiache. Gari la kuliangalia ni lile dogo la Curved Dash. Ubao wake wa mbele umekunjwa kwenda juu, injini yenye silinda moja imejificha chini ya kiti, na mpini wa kuwashia uko ubavuni. Usukani wa duara hakuna. Kuna fimbo tu, unaisukuma huku au kule. Mimi ni mtu wa Tanga, na nilipoiona nilicheka peke yangu, maana ile ni kana, ule mpini wa kushikia usukani wa jahazi, kana kabisa. Neno letu la usukani lilitoka baharini likaingia kwenye gari, na kumbe kwa Olds hata chombo chenyewe kilifuata njia hiyohiyo.

Gari hilo liliuzwa dola 650. Mwaka 1901, licha ya kiwanda cha Detroit kuungua mwezi Machi, yalitengenezwa 425, na kufikia 1904 yalikuwa yamepita 5,000 kwa mwaka. Olds aliipanga kazi kwa hatua, kila kundi la mafundi na kipande chake, miaka 12 kabla Henry Ford hajaleta mkanda wa kiwandani unaotembea. Yeye alitaka gari dogo la watu wengi. Wenye fedha, familia ya Smith, walitaka magari makubwa ya matajiri. Wakagombana, na mwaka 1904 Olds akaondoka kwenye kampuni yenye jina lake, akaenda kuanzisha nyingine aliyoiita REO, herufi za kwanza za majina yake. Kwa hiyo jina lilitenganishwa na mwenyewe mapema mno, kabla ya General Motors kuzaliwa.

General Motors ilizaliwa 1908 na mwaka huohuo ikaimeza Oldsmobile. Kuna kisa kinachosimuliwa kila mahali kuhusu mwanzilishi wake, William Durant. Inasemekana alifika kiwandani Lansing na bodi ya Buick, akaamuru ipasuliwe kwa msumeno, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana, vipande vikasogezwa kidogo, nafasi zikajazwa. Akasema: hii sasa ni Oldsmobile yenu mpya. Sijui wengine wanakisikiaje. Mimi nasikia kengele, maana wajukuu wa Durant kazini walikuja kufanya hayohayo miaka 70 baadaye, tena bila hata kujisumbua kusogeza vipande.

Katikati hapo, lakini, ilikuwa chapa ya maana. Alfred Sloan, aliyekuja kuiongoza GM, aliyapanga magari yake kama ngazi: kijana anaanza na Chevrolet, akipata kidogo anapanda Pontiac, halafu Oldsmobile, Buick, na aliyefika kabisa anaendesha Cadillac. Oldsmobile ilikaa katikati, na kazi yake ilikuwa kujaribu mambo mapya. Giaboksi ya otomatiki iliyotengenezwa kwa wingi, Hydra-Matic, ilianza kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Mwaka 1949 ikaja Rocket, injini ya V8, yaani ya silinda nane, iliyozifanya Oldsmobile kuwa tishio kwenye mashindano. Mwaka 1966 ikaja Toronado, inayovutwa na matairi ya mbele, jambo ambalo Wamarekani walikuwa wameliacha tangu gari la Cord la miaka ya 1930. Mwaka 1976 Oldsmobile Cutlass ikawa gari linalouzwa kuliko yote Marekani, na mwaka uliofuata chapa nzima ikauza zaidi ya magari milioni moja.

Ni mwaka huohuo wa 1977 ndipo mambo yalipoharibika. Mteja mmoja wa Chicago aliipeleka Oldsmobile Delta 88 yake mpya kufanyiwa matengenezo ya kawaida. Filta ya oil haikuingia, mkanda wa feni haukutosha. Fundi akachungulia vizuri: injini ilikuwa ya Chevrolet. Oldsmobile ziliuzika kuliko injini za Rocket zilizokuwepo, basi GM ikachukua V8 za Chevrolet za ukubwa ule ule na kuzitumbukiza humo bila kumwambia mnunuzi. Kesi zikafunguliwa jimbo baada ya jimbo, na GM ikaishia kuwarudishia watu dola 200 kila mmoja na kuwaongezea dhamana ya injini.

Wahandisi watakuambia injini ile ya Chevrolet haikuwa mbaya, na ni kweli, ilikuwa injini nzuri sana. Lakini mtu alikuwa amepanda ngazi mbili kwa pesa zake, akafungua boneti akakuta bado yuko pale chini alikoanzia. Halafu kampuni ikaona suluhisho ni kuandika kwenye matangazo kwamba magari yake yanaweza kuwa na injini kutoka kitengo chochote cha GM. Kwa maneno mengine, ilitangaza hadharani kwamba jina halina maana.

Kisha dizeli. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, Wamarekani wakataka gari linalokunywa kidogo, na Oldsmobile ikatoa V8 ya dizeli kwa magari ya 1978. Fundi yeyote wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, anajua dizeli haina mshumaa wa kuwasha cheche. Inawaka kwa kuibana hewa, na hii ilibana mara 22.5, wakati petroli ya siku zile ilikuwa kama mara 8. Bloku waliiimarisha, hilo nawapa. Ila boliti za kufungia silinda hedi zilibaki idadi na mpangilio uleule wa injini ya petroli, ili mitambo ya kiwandani isibadilishwe. Unajua kinachofuata. Boliti zinavutika, gasketi inaachia, maji yanaingia kwenye silinda, na maji hayabanwi. Juu ya hayo hawakuweka kichujio cha kutenganisha maji na mafuta, wakati dizeli ya vituo vingi siku hizo ilikuwa na maji, basi pampu nazo zikaoza kwa kutu. Waliendelea kuiuza hadi 1985. Wamarekani wengi mpaka leo wakisikia dizeli kwenye gari dogo wanakunja uso, na mzizi wake uko hapa.

Nawasikia mnaosema: mbona kwetu Noah na Voxy ni gari moja na zote zinauzika? Mbona Starlet mpya ni Suzuki Baleno yenye nembo ya Toyota na watu wanaichukua? Kweli. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia mtu kwamba Voxy ni daraja la juu ya Noah, ajinyime miaka mitano ili apande. Wanunuzi wa Oldsmobile waliambiwa hivyo kwa nusu karne. Na mwaka 1983 jarida la Fortune likaweka kwenye jalada magari manne ya GM, Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile na Buick, yote rangi moja, yamepangwa pamoja. Usingeyatofautisha hata kwa bakora. Ngazi yote ilikuwa imelazwa chini.

Wajapani walichangia, nani atabisha. Ila wateja hawakukimbia siku moja. Mwaka 1985 Oldsmobile bado iliuza zaidi ya milioni moja, maana yake kuna watu waliuziwa injini ya wengine, wakauziwa dizeli mbovu, na bado wakarudi. Wateja wa namna hiyo unawatafuta wapi?

Basi mwaka 1988 kampuni ikawashukuru kwa tangazo maarufu lililosema: hii si Oldsmobile ya baba yako. Wataalamu wa matangazo wamelichambua hadi limechuja, mimi naliona kwa jicho la kwetu tu. Unasimama mbele ya televisheni ya taifa unamkana mzee, na mzee mwenyewe yuko sebuleni anaangalia, na funguo za Oldsmobile ziko mfukoni mwake. Vijana hawakuja, maana walichoambiwa ni kwamba gari hili ni la wazee. Wazee nao wakasikia hawatakiwi.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu kwenye viwanda vya hapa, ana Cutlass ya 1976 ambayo huitoa gereji siku za jua tu. Nilimuuliza kuhusu tangazo lile. Aliendelea kufuta vumbi kwenye mlango. "Kijana," akasema, "baba yangu alikuwa na Oldsmobile. Unadhani mimi nilinunua hii kwa nini?"

Aibu ilifikia kilele na Aurora ya mwaka 1995, ambayo mimi naiona ndiyo Oldsmobile nzuri kuliko zote za miaka ya mwisho. Izunguke nje yote: jina Oldsmobile hulioni. Wameweka nembo mpya na neno Aurora. Ukitaka kujua mtengenezaji ni nani, kaa ndani uangalie redio, pale kuna maandishi madogo. Gari bora, na wenyewe wanaona haya kulitaja jina lao.

Tarehe 12 Desemba 2000 GM ikatangaza kuifunga. Mwaka ule mauzo yalikuwa yameshuka chini ya 300,000. Gari la mwisho, Alero kama yangu, lilitoka hapa Lansing tarehe 29 Aprili 2004, baada ya miaka 107 na magari zaidi ya milioni 35. Wafanyakazi walilisaini kwa majina yao.

Jirani yangu hakuwemo, alikuwa ameshastaafu. Nikamuuliza kama angekuwepo angesaini. Akafikiri kidogo, akagonga boneti ya Cutlass yake kwa kidole. "Ile hapana," akasema. "Hii, ndiyo."