Malipo ya mabosi na bei ya hisa: tumpime Musk kwa mizani ipi?

Machi 2018 wanahisa wa Tesla, kampuni ya magari ya umeme, walipitisha mkataba wa malipo wa bosi wake, Elon Musk, usio na mshahara wala bonasi ya fedha taslimu. Ulikuwa na ngazi 12. Thamani ya kampuni sokoni, iliyokuwa chini ya dola bilioni 60 mkataba ulipotangazwa, ilipaswa kufika bilioni 100, kisha kupanda kwa bilioni 50 kila ngazi hadi bilioni 650, sambamba na malengo ya mauzo au faida. Kila ngazi ilimpa haki ya kununua hisa karibu asilimia 1 ya kampuni kwa bei ya 2018. Asipofika, haambulii kitu.

Wengi walidhani ni ndoto za mchana. Ngazi zote zikavukwa, na Oktoba 2021 Tesla ikapita dola trilioni 1. Aliyenunua hisa mwaka 2018 na kuzishikilia hadi mwisho wa 2021 aliona fedha zake zikizaa zaidi ya mara kumi. Hapo watetezi wana hoja nzito: bosi amekula baada ya wanahisa kushiba, tena mkataba ulimzuia kuziuza hisa hizo kwa miaka mitano.

Mwanahisa mmoja mwenye hisa tisa tu, ndiyo, tisa, alikwenda mahakamani katika jimbo la Delaware, Marekani. Januari 2024 jaji Kathaleen McCormick akaufuta mkataba huo, uliokuwa na thamani ya hadi dola bilioni 55.8. Kilichonigusa zaidi katika hukumu yake si ukubwa wa donge. Musk tayari alimiliki asilimia 21.9 ya Tesla. Thamani ikipanda bilioni 50, yeye anatajirika kwa zaidi ya bilioni 10 bila mkataba wowote. Motisha ya ziada ilikuwa ya nini? Na nani aliketi upande wa pili wa meza? Mwanasheria mkuu wa kampuni, mmoja wa walioshughulikia mazungumzo, aliwahi kuwa wakili wa talaka wa Musk. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Wanahisa walipiga kura tena Juni 2024 wakaukubali, jaji akakataa tena. Desemba 2025 Mahakama ya Juu Zaidi ya Delaware ikaurudisha. Kisheria Musk ameshinda. Swali la kiuchumi limebaki palepale.

Maana bei ya hisa ni shahidi anayesema mambo mengi kwa mpigo: riba, bei ya mafuta, msisimko wa wawekezaji. Wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walionyesha mwaka 2001 kwamba malipo ya mabosi wa kampuni za mafuta Marekani hupanda mafuta yanapopanda bei duniani, jambo ambalo bosi hana mkono nalo.

Boeing, kampuni ya kutengeneza ndege, inatisha zaidi. Kati ya 2013 na 2019 ilitumia zaidi ya dola bilioni 40 kununua hisa zake yenyewe, jambo linaloweza kupandisha bei ya hisa. Oktoba 2018 ndege ya 737 Max ikaanguka Indonesia, lakini mwanzoni mwa Machi 2019 hisa ilikuwa kwenye kilele ambacho haikuwahi kufika. Siku chache baadaye nyingine ikaanguka Ethiopia ikielekea Nairobi, na kati ya waliokufa Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Bosi wake, Dennis Muilenburg, alifukuzwa bila kiinua mgongo cha kuachishwa kazi, lakini aliondoka na hisa na pensheni za takriban dola milioni 62.

Sipingi kumlipa bosi kwa hisa; mshahara mnono usiotikisika ni mbaya zaidi. Lakini apimwe dhidi ya washindani wake, si dhidi ya soko lililochemka, na mkataba uandikwe na watu wasiomwogopa. Mkataba mpya wa Musk, uliopitishwa Novemba 2025 kwa zaidi ya asilimia 75 ya kura, unaweza kufikia dola trilioni 1 iwapo Tesla itafika trilioni 8.5. Una malengo ya magari, roboti na faida. Kipimo cha kumlinganisha na washindani hakimo.