Walichokifanya Litowa kabla ya amri

Mimi ni mtu wa Songea, na huu ni mwaka wa tisa niko Marekani. Kila Alhamisi jioni nakwenda kupika kwenye nyumba mojawapo ya ukarimu ya Catholic Worker, harakati ya Wakatoliki wanaoishi na kuwahudumia maskini. Anayeingia anapewa supu na mahali pa kukaa. Haulizwi kitambulisho, wala jina lake haliandikwi popote. Nyumba haina mkurugenzi, na haikuomba msamaha wa kodi, kwa sababu wenyeji wake wanaona kumlisha mwenye njaa si jambo la kuombea kibali.

Mwanzoni nilitatizika. Kwetu hata kina mama kumi wakitaka kufuga kuku pamoja wataanza kwa mtendaji, waende kata, wafike halmashauri. Ujamaa niliofundishwa shuleni ulikuwa unashuka kutoka juu. Hawa wenzangu wanasoma Matendo ya Mitume ileile, waamini waliokuwa na "vitu vyote shirika", ila wao wanasema undugu wa kuamrishwa si undugu. Wengi wanajiita waanakisti: hawakubali mtu amtawale mwenzake kwa nguvu.

Dorothy Day na Peter Maurin waliianza kazi hii New York mwaka 1933, kwa gazeti la senti moja. Mwaka 1960 jiji liliwalipa pesa za nyumba yao pamoja na riba. Day aliirudisha ile riba, dola 3,579.39, maana hakuamini kwamba pesa inapaswa kuzaa pesa.

Hapo nikamkumbuka Mwalimu Nyerere. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, mishahara miwili, au nyumba za kupangisha. Kwa hili nawabishia wenzangu bila kuchoka. Wao wanategemea dhamiri ya mtu mmoja mmoja, na nimeishi hapa vya kutosha kuona tajiri asiye na dhamiri hasumbuliwi na supu yetu. Mwalimu aliweka sharti. Sharti hilo lilipolegezwa kwa Azimio la Zanzibar mwaka 1991, kwa nchi nzima, tulipoteza kitu kikubwa, na bado linaniuma.

Day mwenyewe alifika Tanzania mwaka 1970, akitaka kuuona Ujamaa. Mwaka huohuo Mwalimu alikuwa New York, akiwaambia masista Wakatoliki wa shirika la Maryknoll kwamba Kanisa lina wajibu wa kuipinga mifumo inayowaweka watu katika umaskini. Kuhusu mali, walikuwa wanasoma Injili moja.

Lakini Day alikuwa amechelewa mwaka mmoja. Miaka ya 1960, wakulima wa Litowa na vijiji jirani, mkoani kwetu Ruvuma, walijiunga wenyewe. Walilima pamoja, wakawa na shule yao, na mambo yao waliyaamua mkutanoni. Mwalimu alikuwa akiwaunga mkono. Septemba 1969, chama tawala, TANU, kikaivunja RDA (Ruvuma Development Association), umoja wa vijiji hivyo. Mwaka 1973 ikaja amri ya serikali kwamba kila mtu wa mashambani ahamie kwenye kijiji cha Ujamaa, na watu wakapakiwa kwenye malori. Kile ambacho Litowa walikifanya kwa hiari yao, serikali iliwanyang'anya, kisha ikaja kukidai kwa nguvu nchi nzima.

Mungu akipenda, Desemba nitakuja nyumbani. Nitakwenda Litowa kumtafuta mzee yeyote aliyekuwepo wakati ule, anieleze walikuwa wakigawanaje mahindi, na ni nani alikuwa akisema neno la mwisho walipokosa kuelewana.