Stenti Ikibana Tena, Tumlaumu Nani?

Mgonjwa aliyewekewa stenti, kibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani ya ateri, yaani mshipa unaoupelekea moyo damu, ili ubaki wazi, akirudi baada ya miezi minane na maumivu yaleyale ya kifua, hukumu huwa imeshatoka kabla hajapimwa: chuma kilikuwa kibovu, au daktari alilipua kazi. Lawama hiyo ina uzito wake, na nitaifikia. Lakini inasahau kwamba kinachobana njia ndani ya stenti mara nyingi ni kovu. Puto la kupanulia njia linapotanuliwa kwa nguvu ndani ya ateri, ukuta wake huchanika, na nyuzi za chuma hubaki zimeukandamiza. Mwili ukiona jeraha hulifunika: seli huzaana, tishu mpya ikatanda juu ya chuma. Ikitanda kidogo, heri. Ikizidi, damu hukosa pa kupita.

Enzi za puto peke yake, zilizoanzishwa na Andreas Grüntzig mjini Zurich mwaka 1977, takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu alibanwa tena ndani ya miezi sita. Stenti za chuma kitupu zilipunguza tatizo bila kulimaliza. Kisha mwaka 2002 ikaja sifuri.

Ilikuja na utafiti wa RAVEL uliokuwa na wagonjwa 238. Kati ya waliowekewa stenti za kawaida, asilimia 26.6 walikuwa wamebanwa tena walipopimwa baada ya miezi sita. Waliopata stenti iliyopakwa sirolimasi, dawa inayozuia seli zisigawanyike, hakubanwa hata mmoja. Sifuri hiyo ilishangiliwa mno, na mgonjwa yeyote angeitamani. Mimi hunisumbua hadi leo. Ukiambiwa jeraha halikuota kovu, si ungeuliza kwanza kama limepona? Dawa iliyozuia kovu ilichelewesha pia utando unaotakiwa kukifunika chuma, na chuma kilicho wazi ndani ya damu hualika donge la damu. Mwaka 2006, kwenye mkutano mkuu wa madaktari wa moyo mjini Barcelona, takwimu za madonge yaliyochelewa kutokea katika stenti hizo zilizua taharuki.

Hapo ndipo naona kovu linaonewa. Njia ikibana, kwa kawaida hubana polepole: mtu anapanda ngazi, kifua kinakaza, anapumzika, anakwenda hospitali. Donge halimpi nafasi hiyo. Mshipa hufunga kwa dakika chache, na wengi wanaopatwa nalo hufariki. Ndiyo maana vidonge viwili vya kuzuia damu isigande, aspirini na klopidogreli, hutolewa kwa miezi mingi baada ya stenti: ni ulinzi wa muda wakati chuma kikisubiri kufunikwa. Anayeviacha mapema kwa kuwa “nimepona” anacheza na hatari kubwa kuliko ile anayoiogopa.

Wanaolalamika nao wana hoja. Si kila anayebanwa tena huja kwa upole. Wapo wanaofika wakiwa tayari na mshtuko wa moyo. Na kuna kosa la mkono lisilosingiziwa kovu: stenti isiyotanuliwa vya kutosha, hasa ndani ya mshipa uliogumishwa na chokaa. Kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoingizwa ndani ya ateri hulionyesha kosa hilo papo hapo, na kutokitumia kwenye mshipa mgumu ni uzembe unaostahili kuulizwa. Stenti za sasa, zenye nyuzi nyembamba zaidi, zimepunguza kubana na madonge pia, kwa hiyo kisingizio cha zamani kinazidi kuisha.

Kwenye upasuaji wa kupandikiza mishipa, ambapo mshipa kutoka sehemu nyingine ya mwili huunganishwa ili damu iizunguke sehemu iliyoziba, hadithi ni ileile kwa sura nyingine. Mshipa wa mguuni, uliozoea msukumo mdogo wa damu, hunenepa ukuta ukipewa kazi ya ateri. Baada ya miaka 10 karibu nusu huwa imeziba au kuharibika vibaya. Ateri ya ndani ya kifua, ikiunganishwa na ile ya mbele ya moyo, hubaki wazi kwa zaidi ya asilimia 90 katika muda huohuo.

Waliochoshwa na chuma walijaribu hata stenti inayoyeyuka. Absorb, iliyojulikana kuliko zote, ilisitishwa kuuzwa mwaka 2017, baada ya tafiti kuonyesha damu ikiganda ndani yake mara nyingi zaidi kuliko ndani ya zile za chuma.