Ratiba ya Kupumzika

Shemeji yangu ni mhasibu. Siku mke wangu aliposema tunataka kwenda Kilwa "taratibu tu, tukapunge upepo", yeye akajibu, "Niachieni mimi." Alichotuletea ni jedwali la rangi nne, limetiwa plastiki. Kuamka: saa kumi na nusu alfajiri. Chai: dakika 12. Msafiri wa kale Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji, alitengewa dakika 5, maswali yakiwemo. Songo Mnara, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, kulikuwa na kipengele kinaitwa "Kutulia", saa 3:40 hadi 3:50.

Barabara sina la kuisema. Unatoka Mbagala, unavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, ukifika Nangurukuru unakata kushoto kwenda Kilwa Masoko. Korosho za njiani hatukununua, hazikuwa na mstari wake kwenye jedwali. Usiku mwezi mpevu ukapanda juu ya bahari, tukaupiga picha nyingi, hakuna aliyejua kuwa tunampiga picha mbaya wetu.

Asubuhi pale bandarini nahodha, mzee wa kofia ya kiua, alipokea shikamoo zetu, kisha akakabidhiwa ratiba aikague. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Mwanangu, maji umeyaweka wapi humu?"

"Maji yapo, mzee. Katoni mbili."

Mabaharia wakageukia baharini, mabega yanatikisika. Mzee hakucheka. Akaeleza kwa upole kuwa hilo ni bamvua: mwezi ukiwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti hupita mita 3, na saa ile yalikuwa yanatoka. Afadhali tungoje mchana. Shemeji akaweka kidole kwenye mchana: "Mapumziko, hotelini." Pamejaa.

Basi tukaenda. Tulipofika kwenye mikoko ya Songo Mnara maji yalikuwa ya magoti, tukashuka na kuvuka tumepandisha nguo. "Nikiita, mje," mzee akasema. "Msimalizie picha."

Mji ule ni wa karne ya 14 na 15, wa mawe ya matumbawe na chokaa: kasri, misikiti, makaburi, na mibuyu iliyojiotea itakavyo. UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na Kilwa Kisiwani. Ungestahili siku nzima. Tulikuwa msikitini sauti ya mzee ilipotufikia. Shemeji akatazama saa yake.

"Kutulia bado," akasema.

Tukatulia. Sijapata kutulia kwa presha namna ile, mtu amesimama mbele yenu anawahesabia dakika.

Tulipotoka mikokoni bahari haikuwepo. Mashua ilikuwa imelala ubavu mbali kule, mzee amelala kivulini kwake, na kati yetu na yeye ni tope tupu. Shemeji, mwenye raba nyeupe mpya, akatangulia kwenda kudai maelezo. Hatua ya tatu tope likammeza hadi gotini. Akauvuta mguu, mguu ukaja, raba ikabaki. Akainama kuitafuta, tope likachukua na ya pili.

"Kaka, usisimame! Ukisimama unazama!" wakampigia kelele akina mama waliokuwa wakiokota chaza. Mmoja akaja kumshika mkono, anacheka huku anampa pole. Mke wangu, dada yake wa tumbo moja, alikaa juu ya mzizi wa mkoko akacheka mpaka akashika mbavu.

Mabaharia wakawasha moto, wakachoma changu. Ratiba ilifaa sana kupepelea mkaa, na kwa kuwa plastiki haipitishi mafuta, baadaye ikawa sahani. Shemeji akala changu wawili, akajinyoosha mchangani pekupeku akakoroma. Kwa mara ya kwanza safari ile ikafanana na tulivyoiomba.

Maji yalirudi mchana, mashua ikajiinua yenyewe. Shemeji akaamka, akamsogelea nahodha.

"Mzee, kesho yatakupwa saa ngapi?"

"Yatachelewa kidogo. Kama dakika hamsini hivi."

"Na keshokutwa?"

"Hamsini nyingine."

Nikaona macho yake yanang'aa na mkono unaingia mfukoni kutafuta kalamu. Mke wangu akamuwahi. Akaichukua, akaitia kifuani, mahali ambapo mdogo wake hawezi kuifuata, akamwambia mzee atweke tanga.