"Zimebaki 3 tu"? Ebu tusome kodi kwanza

Huku Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), vijana wa mifumo wakikaa kwenye chipsi ubishi hauishi, na wa juzi ulikuwa huu: kuna haja gani ya kuunda programu inayopekua kodi za tovuti (siyo kodi ya TRA jamani, ni yale maandishi ya programu) ili itambue paterni za dizaini zilizotumika, yaani hapa kuna vichupo (tabs), hapa fomu ya hatua kwa hatua, hapa kidirisha cha kuthibitisha? Si ufungue ukurasa uangalie kwa macho yameisha?

Wanaosema hivyo wana hoja, sikatai. Vichupo tu mmoja ataviandika kwa li, mwingine kwa div tupu zenye onclick, mwingine ataweka role="tablist" kama W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, wanavyoelekeza. Ukija kwenye React, maktaba ya JavaScript ya kuundia kurasa, ndo balaa, unafungua sosi (kodi ya ukurasa ilivyotumwa) unakuta div moja ya "root" na faili la JavaScript lililobanwa mpaka majina hayasomeki. Programu inayotafuta majina ya klasi tu hapo inatoka kapa, wakati mtu kwa sekunde mbili kashajua.

Ila jicho linaona kilichopakwa rangi tu. Jamaa yangu anauza mafuta ya alizeti mtandaoni, alinunua templeti akabadilisha picha, bei na maandishi, akaniomba nimwangalizie. Chini ya ndoo ya lita 20 kuna maandishi mekundu, "Zimebaki 3 tu". Nikafungua upya mara kumi, bado 3, nikajua basi ni kweli. Kuingia kwenye faili la JavaScript nikatafuta neno "Zimebaki", nikakuta Math.floor(Math.random() * 5) + 1, yaani namba ya kubahatisha kati ya 1 na 5, halafu jibu linahifadhiwa kwenye localStorage, stoo ndogo ya brauza yako, ili ukirudi uikute namba ileile. Stoo ya duka haiulizwi kabisa! Na mwenyewe alikuwa hajui, stoo ana ndoo themanini. Sasa hapo ungekodoa macho mpaka kesho ungeona nini?

Hizi hila za dizaini Harry Brignull, mbunifu wa tovuti Mwingereza, alizipa jina "dark patterns" mwaka 2010, na mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, wakapekua maduka ya mtandaoni kama 11,000 kwa programu, wakakuta hila 1,818 kwenye maduka 1,254, kama asilimia 11 hivi. Watu wanaishia kwenye hiyo asilimia 11, na hata hiyo ni kima cha chini maana walishika hila za maandishi tu, za rangi na picha zikapita. Mimi namba inayonikaa kichwani ni 183, ndo maduka yaliyokutwa yanadanganya kabisa: saa ya kuhesabu muda wa ofa inafika sifuri na ofa ipo vilevile, au "fulani kanunua sasa hivi" wakati huyo fulani katungwa na kodi. Saa bandia na saa ya kweli kwenye skrinshoti ni mapacha, kuwatenganisha lazima uone inavyofanya kazi ndani.

Halafu kuna asiyeona anayetumia kisoma skrini. Div iliyochorwa kama kitufe wewe unaiona kitufe, kwake ni maandishi tu na kwa kibodi haifikiki. Kosa kama hilo lipo kwenye kodi, kwenye picha halipo.

Kwa hiyo wa macho wasinichukulie vibaya, hata mimi nisingeamini kodi peke yake. Ukurasa uendeshwe kwenye brauza kwanza, React imalize kuchora, ndo programu isome kilichotokea pamoja na sosi yenyewe. Ni kazi ndefu na kuna siku itakosea.

Yule jamaa nimemuunganishia namba na stoo yake, sasa inasoma "Zimebaki 80". Jana kanipigia, anauliza kama naweza kuirudisha kidogo, hata iseme chache tu.