Makindu, si Amritsar pekee

Mwandishi wa makala kuhusu hija anasema Masingasinga wa hapa Arusha wanaelekea Amritsar tu, mji wao mtakatifu kule India. Kaisahau Makindu, Kenya! Gurdwara (hekalu la Masingasinga) ya pale ilijengwa 1926, kando ya reli waliyoifanyia kazi wazee wao, na mahujaji huifuata kutoka Afrika Mashariki yote.

Ukitokea Arusha pita Namanga hadi Athi River, kisha kulia barabara ya Mombasa. Wa Moshi: Holili, Taveta, Voi, halafu kushoto. Tumbaku na pombe viache nyumbani, vua viatu, funika kichwa (kitambaa, si kofia). Chakula ni bure, hakina nyama. Wageni hukosea hapo: wanajaza sahani, wanabakiza. Chukua kidogo, utaongezewa.